Muulize Mzee Shabaha: Darubini au Nukta Nyekundu?

Safu hii ilizoea barua za ndoa. Lakini tangu niliposema, mara moja tu, kwamba Jumapili mchana huwa natoboa karatasi kwa bastola ya upepo kwenye banda la nyuma ya nyumba hapa Uingereza, sanduku limejaa walengaji. Barua zenyewe hazijabadilika sana: mtu anaye mmoja, anamtamani mwingine, na mke hajaambiwa bei.

*Shikamoo Mzee. Nina miaka 52, naishi Leicester. Bastola yangu ni ya springi, napigia gereji, mita 10. Kaka yangu anataka nifunge darubini. Muuza duka anasema nukta nyekundu. Usingizi umenipaa. (Njia Panda)*

Marahaba, mwanangu. Kaka yako ana umri gani? Nauliza kwa sababu tatizo lako liko jichoni. Kwa vilengeo vya chuma, jicho linadaiwa vitu vitatu kwa mpigo: mwanya wa nyuma, ncha ya mbele na karatasi. Linaweza kukiona kimoja tu sawasawa. Kijana huruka kutoka kimoja hadi kingine bila kujua. Wewe wa miaka 52, unayesomea gazeti mkono ukiwa umenyooka, ncha ya mbele unaiona kama moshi wa sigara.

Nukta nyekundu inakufutia deni hilo. Taa ndogo inamulika kioo kilichopakwa rangi maalumu, kioo kinairudisha nuru jichoni, nawe unaona nukta inaelea huko huko iliko karatasi. Unaitazama karatasi, basi. Haikuzi kitu, na haijali jicho liko mbali kiasi gani. Wazo ni kongwe: Howard Grubb wa Dublin alilisajili mwaka 1900, na Waswidi wa Aimpoint wakatoa kilengeo chao cha kwanza cha umeme mwaka 1975.

Darubini inakuza karatasi, ni kweli. Inakuza na mtetemeko wa mkono wako. Kile kitikisiko ulichokuwa hukioni sasa kinacheza ngoma mbele yako, nawe unaanza kuuvizia msalaba ufike katikati ndipo ufyatue. Hapo risasi inakwenda ukutani. Na karatasi yenyewe iko mita 10, ndugu yangu, haiko Kibo.

Chukua nukta, ila soma maandishi kwenye boksi. Ukubwa wa nukta hupimwa kwa dakika za pembe, zile zinazoandikwa MOA. Dakika moja kwa mita 10 ni karibu milimita 2.9. Nukta ya MOA 4 basi inafunika milimita 11.6, na duara la kumi kwenye karatasi ya mashindano lina milimita 11.5. Linakaa humo kama sarafu mfukoni. Ya MOA 6 itavuka duara hilo na kumega la jirani. Tena usimwamini sana anayekuambia jicho laweza kukaa popote nyuma ya kioo; kwa umbali mfupi kama huu, iweke nukta katikati ya kioo kila mara. Na kabla hujalipa, pima reli ya bastola yako. Nyingi za upepo zina mfereji wa milimita 11, wakati vilengeo vingi hutoka dukani na kishikio cha reli pana ya milimita 21. Nimewahi kukaa na kimoja kisichoingia kwenye reli yangu, wiki mbili mezani, nikikitazama tu.

Darubini ina siku yake: ukiegemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga na makopo yako mita 25 au 30. Hata hapo, nunua iliyotengenezwa kwa bastola. Barua inayofuata itakueleza kwa nini.

*Mzee, mume wangu aling'oa darubini ya bunduki yake akaifunga kwenye bastola. Sasa ana duara jeusi jichoni, na kazini kwake wanasema mimi ndiye nilimpiga. (Nasingiziwa, Birmingham)*

Pole, shemeji. Kata ukurasa huu umpe aende nao. Darubini ya bunduki hutaka jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma yake, kwa kuwa kitako kimeegemea bega. Bastola hushikwa kwa mkono ulionyooka, zaidi ya nusu mita. Mumeo alinyoosha mkono, akaona giza lenye kitundu. Badala ya kujiuliza, akaisogeza usoni. Springi inapofyatuka huruka nyuma kisha mbele, na chuma hakijui uso wa nani. Mruko huohuo hulegeza vioo vya darubini za bei rahisi. Kwa hiyo amepoteza viwili, uso na darubini, na wewe umepoteza jina.

*Nukta yangu si nukta, ni nyota yenye mkia. Nimeuziwa kibovu?*

Ipige picha kwa simu kupitia kioo. Simu ikiiona duara, kibovu ni jicho lako. Punguza mwanga, kisha umwone daktari wa macho.

*Binti yangu anataka kushindana. Nimnunulie kipi? (Baba Mwenye Ndoto)*

Usimnunulie chochote kati ya hivyo. Bastola ya upepo ya mita 10, iliyoingia Olimpiki mwaka 1988, hupigwa kwa mkono mmoja na vilengeo vya wazi tu: risasi 60 ndani ya dakika 75. Darubini hapana, nukta hapana. Mtafutie picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, Olimpiki ya 2024: miaka 51, miwani ya kawaida, mkono mfukoni, medali ya fedha ya timu mchanganyiko.

*Desemba naenda Mombasa. Nimpelekee mjomba bastola yangu ya upepo? (Mpwa Mwema, London)*

Hapo England, ukiwa na miaka 18, bastola ya upepo isiyozidi futi-pauni 6, yaani kama jouli 8, haihitaji leseni. Panda treni hadi Uskoti, na tangu tarehe 31 Desemba 2016 unadaiwa cheti. Ikiwa treni tu inabadilisha sheria, ndege je? Waulize polisi wa Kenya kwanza, wakujibu kwa maandishi. Mjomba mpelekee viatu.

*Mzee, nilikusikiliza nikanunua nukta. Miezi minane tumeishi vizuri. Juzi imezimika ghafla, haipo kabisa. Kilengeo nimekigonga, nimekipuliza, nimekiombea dua. Nimeshakitangaza kukiuza na nimelipa nusu ya bei ya darubini. (Nimesalitiwa, Reading)*

Betri umebadilisha?