Sufuria Isiyo na Mikono

Aliyebuni sufuria isiyo na mikono nina hamu ya kumwona akiepua maharage. Kitambaa cha kushikia nyumbani kwangu hakionekani kamwe panapokuwa na cha kuepua, kwa hiyo nakunja boksi. Alumini hupitisha joto takribani mara tatu ya chuma, basi maji hayajachemka vizuri na mdomo wa sufuria umeshaniunguza vidole.

Na kitako! Sufuria ilinunuliwa kikiwa bapa, sasa kimetuna. Ukiiweka kwenye jiko la gesi inazunguka yenyewe kama inacheza mdundiko. Eti ndege nazo zimeundwa kwa alumini. Ndiyo, lakini si hii laini ya kwangu. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alichanganya alumini na shaba kidogo, kama asilimia 4, na magnesi kiduchu, akaipasha moto na kuipoza ghafla. Siku chache baadaye akakuta imekuwa ngumu kwa kukaa tu. Yangu imekaa kabatini miaka, inachokomaa ni kubonyea.

Mama mkwe akija hutia magadi ili maharage yaive upesi. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi, na magadi huula utando huo. Ndani sufuria inabaki nyeusi ti, stiliwaya haifui dafu.

“Mama, samahani, magadi yanakula sufuria.”

“Baba Neema, kwani wewe unakula sufuria au maharage?”

Juzi ikatoboka. Fundi wa kuchomelea akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akanirudishia. “Kaka, mimi nachomelea mageti.” Sikumlaumu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, ila ule utando unataka zaidi ya 2,000. Mtu wa fimbo za kawaida akisubiri utando ulegee, sufuria itakuwa imeshamwagika chini.

Ikabidi nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Hao wanaipenda alumini, maana kuiyeyusha upya kunataka kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye boksiti. Bei ya kilo nzuri, ila kilo zenyewe sasa! Uzito wake ni theluthi ya chuma. Jisufuria la kupikia ukoo mzima, mshale wa mzani ukatikisika kidogo, ukatulia pale pale.

“Bosi,” akasema, “leta na mfuniko wake, tuongezee.”

Mfuniko! Katika nyumba hii?