Jinsi ya Kununua Gari la Milioni 8 Bila Kuuziwa Hadithi

Kabla ya yote, hizo fedha usitembee nazo. Ziache benki, au kwa mama watoto, au popote ambapo kuzitoa kunahitaji kulala na kuamka. Mtu mwenye milioni 8 mfukoni akifika kwenye viwanja vya magari vya Kinondoni au Magomeni hunuka fedha, na madalali wana pua. Wataanza kumwita bosi kabla hajashuka kwenye bodaboda. Nusu saa baadaye atakuwa nyuma ya usukani, kiyoyozi kinampuliza usoni, redio inaimba, na mkono wake tayari umeanza kutafuta kalamu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu najua milioni 8 za mtu wa kawaida hutoka wapi. Ni mkopo wa SACCOS wa mwalimu, utakaokatwa kwenye mshahara miaka kadhaa. Ni mgao wa kikoba uliochanganywa na fedha za ng'ombe wa baba. Tajiri akiuziwa kimeo hununua jingine. Mwalimu akiuziwa kimeo ataendelea kukatwa mshahara huku akigombania daladala ile ile, na gari lake limefunikwa turubai nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Kwa hiyo hesabu ianze hivi: mwenye milioni 8 anatafuta gari la milioni 6 na nusu. Inayobaki ni ya kulifanya liwe gari, yaani oili na filta, matairi, betri, bima, gharama za kubadilisha umiliki, na kifaa kimoja ambacho lazima kitakufa wiki ya pili kwa sababu tu kimesikia mwenye mali amebadilika. Asiyetenga fungu hili atakuwa na gari na hatakuwa na safari.

Sasa tuzungumzie ugonjwa wetu mkubwa, ugonjwa wa herufi. Mtanzania haulizi gari limetengenezwa mwaka gani. Anauliza, "Namba gani hiyo?" Ukijibu "D", unakaribishwa kiti. Ukijibu "B", unaulizwa habari za wazee. Harusini mwenye namba C hutafuta mwembe wa mbali, mwenye E huegesha mlangoni kabisa, hata bwana harusi akose njia. Madalali wanaujua ugonjwa huu na wanautoza fedha. Lakini herufi hizo hutolewa siku gari linaposajiliwa nchini. Zinakueleza lilianza lini kupigwa na mashimo yetu. Mwaka wa kutengenezwa kwake Japani haumo. Toyota IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, basi hata ile iliyosajiliwa juzi ikapewa E ni mzee yule yule, kavaa shati jipya. Kenya wamezuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tunayapokea wazee wote, tunawatoza ushuru wa uchakavu, tunawapa herufi mpya, kisha tunawapigia vigelegele.

Herufi ina haki yake kidogo, siikatai. Gari lililokaa miaka 3 kwenye barabara zetu kwa kawaida huwa na bushi na shokapu zenye afya kuliko lililokaa 12. Lipia tofauti hiyo, lakini kwa kiasi. Nimeona watu wakiongeza milioni 2 kwa ajili ya herufi, kisha wakaondoka na gari ambalo gia zake zinajikwaa, wakaacha namba C iliyotunzwa na mtu mwenye daftari la huduma. Umri wa kweli usome kwenye kadi, halafu uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho: kule chini mara nyingi kuna kitambaa kilichoandikwa tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wa 2004 hauingii kwenye gari la 2009 bila maelezo.

Gari gani? Nunua lile ambalo fundi wa chini ya mwarobaini analijua akiwa amefumba macho. Nimeishikilia kanuni hii hata mbele ya marafiki wanaonicheka, na sitaiachia. Uimara wa gari la bei nafuu hautoki kiwandani peke yake. Unatoka pia Kariakoo na Gerezani, kwa yule muuza vipuri ambaye ukimtajia jina la kifaa hainui kichwa, anarusha mkono nyuma na kukuletea. Vitz, IST, Corolla, Raum, Spacio, Probox: haya ni magari ambayo hata Masasi au Kahama yakizima utapata mtu wa kuyafufua kabla ya magharibi. Injini za 2NZ ya cc 1300 na 1NZ ya cc 1500 zimefungwa kwenye wengi wa ndugu hao, kwa hiyo kifaa cha mmoja mara nyingi kinamfaa mwenzake. Tena zinatumia taimingi cheni, kwa hiyo huna belti ya kuihesabia kilomita.

Utaonyeshwa pia gari la Kijerumani kwa bei ya Vitz. Lina viti vya ngozi, mlango wake ukifungwa unasikika kama benki. Moyo utakwenda mbio, na hapo ndipo ukumbuke kumuuliza mwenye nalo kwa nini analiachia kwa bei ya Vitz. Jibu analo, na ankara za gereji anazo.

Kuna na lile Toyota zuri, kubwa, la bei ya chini kuliko wenzake, ambalo ukifungua boneti unakuta pameandikwa D-4. Injini hiyo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Inataka mafuta safi na fundi mwenye vifaa. Mwenye fedha nyingi aichukue kwa amani. Wewe wa milioni 8, funga boneti taratibu, shukuru, ondoka. Vilevile uliza kama gia boksi ni CVT, kama zilivyo baadhi ya Vitz za kuanzia 2005. CVT ina mafuta yake maalumu, na mwenye gari wa zamani aliyemimina ya kawaida ili abane matumizi amekuachia wewe bili.

Siku ya kulitazama, nenda asubuhi, na wa kwanza kumsalimu awe boneti: weka kiganja juu yake. Ukiikuta ya moto, utaambiwa, "Nimekuwashia bosi, usisubiri." Mshukuru dalali kwa ukarimu, mwombe alizime, nenda zako, rudi kesho. Injini inayochoka huficha ugonjwa wake ikishapata joto. Ikiwashwa baridi, moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha ni maji yanaingia pasipo pake. Mweusi ni petroli inamwagwa kuliko inavyochomeka. Kabla hujawasha, geuza ufunguo mpaka ON tu na utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likishawaka. Ikikataa kabisa kuwaka, kuna mtu aliyemnyamazisha shahidi.

Mashahidi wengine wako chini. Nyanyua kapeti unuse. Dar es Salaam inajua mafuriko, na gari lililolala kwenye maji pale Jangwani hukaushwa, hupuliziwa manukato, hupelekwa mkoani kuuzwa kwa "mteja mwelewa". Tope kavu kwenye reli za viti na ukungu ndani ya taa havijui kusema uongo. Fungua buti, toa tairi la akiba, tazama bati lililo chini yake: mikunjo na uchomeleaji hapo ni habari ya ajali ya nyuma. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi. Isipong'ang'ania, chini ya rangi kuna puti badala ya bati. Kilomita zikisomeka elfu 60 na pedali ya breki imelika mpaka raba imekuwa laini, amini pedali. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama limepakwa rangi nyeusi likang'aa.

Usiende peke yako. Mchukue fundi wako, na umlipe siku yake kabla hamjafika, ununue usinunue. Fundi asiyelipwa na wewe atalipwa na dalali, na hicho cha juu kitaingia kwenye bei yako. Halafu mchukue na mtu asiyependa magari hata kidogo: dada yako, shemeji, jirani mchumi. Wewe umeshapenda, macho yako hayafai tena. Yeye ndiye atakayeuliza kwa sauti kubwa, "Mbona linatetemeka?" wakati wewe unajaribu redio.

Liendeshe mwenyewe, kwenye vumbi na kwenye kilima, madirisha wazi, redio imezimwa hata dalali akiiwasha mara tatu. Sikiliza miguu inapoingia shimoni. Achia usukani kidogo kwenye lami iliyonyooka na tupu uone unavuta wapi. Kutoka N kwenda D gia ishike bila kusitasita wala kugonga. Rudi nalo, lizime, liwashe tena likiwa moto.

Dalali atazungumza muda wote. Kwamba ni gari la mama wa benki, kwamba injini haijawahi kufunguliwa, kwamba kuna mteja wa Mwanza anatuma hela jioni. Injini isiyofunguliwa ina nati zenye rangi moja, na haina gundi mpya iliyofura pembeni. Mteja wa Mwanza ana haki yake, akitaka, achukue. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nawaamini zaidi dalali anaponipigia mara ya tano kabla ya saa sita mchana.

Karatasi zina mauti kuliko injini. Injini mbovu hukupotezea fedha, karatasi mbovu hukupotezea fedha pamoja na gari. Taka kadi halisi. "Kadi iko kwa mtu" huenda ni kadi iliyowekwa rehani ya mkopo, na mdai akija atalifuata gari, siyo dalali. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha aliyesimama mbele yako. Chesisi iliyogongwa kwenye chuma isome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za polisi, na angalia madeni ya maegesho, kwa sababu faini hulifuata gari na mwenye gari sasa utakuwa wewe. Andikishianeni mkataba kwa wakili, lipa kwa benki jina likionekana, kisha nendeni TRA wote wawili, na TIN zenu, mkabadilishe umiliki. Muuzaji asiyetaka kufika TRA usimbembeleze. Na yule wa mtandaoni anayetaka laki 2 za "kulishikilia gari" ambalo hujaliona, umfute kwenye simu leo leo.

Ukishakuwa na kadi yenye jina lako, gari liende gereji moja kwa moja kabla ya kwenda popote kutazamwa. Oili mpya, filta, mafuta ya breki, maji ya rejeta yenye dawa yake, plagi zifunguliwe zitazamwe. Andika kilomita na tarehe kwenye daftari. Kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla hujawasha, fungua boneti upime oili na maji. Yakishuka, mpigie fundi siku hiyo hiyo. Usingoje mshale wa joto upande.