Sufuria ya Spiriti

Hatua zilikuwa chache, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Chukua jani. Chemsha. Weka kwenye spiriti, chemsha tena. Osha. Dondoshea iodini." Aliyeziandika ni mpwa wangu, binti wa kidato cha pili, aliyetaka kuonyesha kwamba majani hutengeneza wanga, na kaka yake akajitolea kuzifuata, yeye ambaye jaribio lenyewe hajawahi kuliona.

Akafuata neno kwa neno. Akamimina spiriti kwenye sufuria ya chai, akatumbukiza jani la tembele, akaibandika kwenye jiko la gesi linalowaka. Mvuke ulipogusa moto, ndimi za bluu zikaruka hadi karibu na pazia la dirisha. Bibi yao, aliyekuwa akichagua mchele, hakupiga kelele wala hakukimbilia maji. Alizima gesi, akatwaa mfuniko wa sufuria ya pilau, akafunika. Moto ukafa kwa kukosa hewa.

Tukakaa mezani na daftari. Kijana hakukosea; alifanya kilichoandikwa. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo maji ya moto peke yake yanatosha kuichemsha. Binti alilijua hilo tangu darasani, ila kwenye karatasi halikuwemo. Bibi akawa mkali kuliko mwalimu yeyote. Kila mstari aliuuliza: kiasi gani? Kwenye chombo gani? Nitajuaje kuwa tayari?

Binti akaandika upya. Chemsha jani kwenye maji dakika moja. Zima jiko, sogeza sufuria mbali, ndipo ufungue chupa ya spiriti. Mimina spiriti kwenye kikombe cha bati, kiasi cha kulifunika jani, ukisimamishe ndani ya maji yale ya moto mpaka jani lipoteze ukijani. Lirudishe kwenye maji ya moto lilainike, maana spiriti hulikausha likawa la kuvunjika. Litandaze kwenye sahani nyeupe, udondoshee iodini. Penye wanga patageuka bluu iliyokolea hadi weusi.

Kijana akarudia, jani likageuka jeusi mbele ya macho yetu, na hakuna aliyemwelekeza kwa mdomo.

Mzazi ambaye mwanao ana jaribio wiki hii, tafadhali, mwambie akusomee hatua zake kwa sauti kabla kiberiti hakijawashwa, na umuulize kila asichokiandika.