Posho ya Kimakonde

Fursa za kitaaluma, yaani nafasi za kufanya utafiti, kujifunza au kupata ufadhili ambazo hazimo katika ratiba ya masomo, huelezwa kwa wanachuo kama mambo yapatikanayo mbali, kwa barua ya unyenyekevu na picha ya pasipoti. Kwa mwanachuo Mmakonde atokaye Newala au Masasi, mkoani Mtwara, maelezo hayo yana kasoro, kwani wakati yeye anadamka kuwahi basi la Dar es Salaam kuifuata elimu, wenye elimu hiyo wamo safarini kuelekea kwao.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na kamera pamoja na fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Mwaka 2005 Peter Kraal alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, tasnifu ya uzamivu kuhusu sarufi ya Chinnima, mojawapo ya lahaja za Kimakonde. Na mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha atlasi ya lugha za nchi nzima. Kimakonde hichohicho mtoto wa huko, akikisema shuleni, aliweza kuchapwa viboko.

Mwanachuo anayezungumziwa hapa haigundui fursa kwa hekima bali kwa ukata. Bumu, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, linapokata, huenda kwenye ubao wa matangazo kutafuta chumba cha bei nafuu, akakuta anahitajika msaidizi wa utafiti ajuaye Kimakonde, tena kwa posho ya kila siku. Hujaza kwenye fomu kwamba anakisema kwa ufasaha, kwa kuwa anajua kusalimia, kuomba ugali na kutambua anapotukanwa.

Mambo huharibika uani kwa bibi. Orodha aliyopewa inataka majina ya sehemu za mwili, wadudu, vyombo na mimea, naye kufikia kiwiko ameishiwa, hivyo hulazimika kumgeuza bibi kuwa mtoa taarifa, ambaye katika isimu ni mzungumzaji anayehojiwa ili lugha yake ichunguzwe. Bibi, ambaye kwa utani wa siku zote humwita mjukuu wake "mume wangu", humwaga Kimakonde kizuri mno wakati kinasa sauti kimezimwa; kikiwashwa tu, hujiweka sawa kwenye mkeka, hufunga kanga upya na kusema Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Siku anaposahau kwamba anarekodiwa, jogoo huwika, bodaboda hupita, na jirani Mmakua aliyekuja kuomba chumvi husahihisha kila neno kwa lugha yake mwenyewe, kwa haki ya utani.

Kikwazo kikubwa zaidi huwa fomu ya ridhaa, hati inayoonyesha kwamba anayehojiwa amekubali kwa hiari. Bibi hashiki kalamu ovyo, kwani karatasi nyingi alizowahi kukabidhiwa zilihusu stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, ambamo mkulima hukabidhi mzigo kupitia chama cha msingi cha ushirika, nao huhifadhiwa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Kwa kuwa miaka ya mwanzo fedha zilikuja kwa mafungu, bibi huuliza swali ambalo fomu ya chuo haikulitazamia: malipo ya pili yatatoka lini?

Mjukuu, akitafuta jibu la kumtuliza, huenda kuuliza kwenye chama cha msingi, hurudi na madaftari mawili ya malalamiko ya wakulima, na hapo hutambua kwamba ameshapata mada ya tasnifu yake mwenyewe, ingawa orodha ya maneno bado imeishia kwenye kiwiko.