Dirisha la Kutazama Mashua

Kwenye meli za kitalii zinazong'oa nanga Miami kwenda Karibi, bahari huuzwa kwa kipimo. Mwenye fedha hupewa roshani, asiye nazo hupewa ukuta. Katikati yupo bwana wa kadiri, anayelipia kidirisha cha duara sitaha za chini. Hakifunguki, lakini kipo. Bahari ikichafuka sana, huenda mabaharia wakakiziba kwa kifuniko cha chuma. Hapo bwana wetu analingana na wenzake wa vyumba vya ndani, ila yeye ana risiti kubwa zaidi.

Akitaka kupanda juu kwa bei nafuu, atauziwa chumba cha "mandhari yenye kizuizi". Kizuizi chenyewe ni mashua ya uokozi, rangi ya chungwa, imening'inia palepale jua linapozama. Asilalamike: ikitokea haja ya kukimbia, yeye anajua pa kukimbilia.

Disney walimaliza ubishi mwaka 2011 kwenye meli ya Disney Dream: vyumba visivyo na dirisha vikapewa skrini ya duara inayorusha bahari kutoka kamera za nje, na mara mojamoja vikatuni hupita vikiogelea. Wa kidirisha halisi, maskini, anasubiri pomboo tangu Jumatatu.