Uainishaji wa Magari ya Mkononi kwa Kutumia Vitenzi

Anayetafuta gari dogo la bei nafuu Dar es Salaam hugundua mapema kwamba madalali hawapimi mafuta kwa lita. Hupima kwa vitenzi. Kwa msingi huo nimeyagawa magari ya mkononi katika makundi matatu, ingawa mipaka yake huyumba kutegemea mteja kavaa viatu gani.

La kwanza ni Wanusaji. "Hii inanusa tu, kaka." Humu imo Vitz ya lita moja, na imo Passo, ambayo wanazuoni wa vijiweni huigawa tena: pistoni tatu na pistoni nne. Mgawanyo huo ni wa kweli. Ya cc 996 ina tatu, nayo humtikisa abiria kidogo ikisimama kwenye taa. Ya cc 1,297 ina nne. Ajabu ni kwamba kila Passo inayouzwa ni ya pistoni nne mpaka mteja aulize mafuta. Hapo pistoni moja hutoweka.

Walambaji wanaongozwa na IST. Dalali atakuapia ni cc 1,298 hata ikiwa 1,496. Soma kibati: NCP60 ni injini ndogo, NCP61 ni kubwa.

Wanywaji ni kundi la kinadharia. Hakuna dalali aliyewahi kumiliki mnywaji. Huonekana kwa fundi tu, baada ya mauzo.

Nadharia hii imedumu kwa sababu nasi hununua mafuta ya elfu kumi, si lita, na ya elfu kumi hayapimiki. Kipimo ni kujaza tenki hadi pampu ijikate, kuandika kilomita, kuendesha wiki nzima, kujaza tena, kisha kugawa: kilomita 240 kwa lita 20 ni 12. Usitegemee namba za Kijapani za magari ya miaka ile. Zilitokana na jaribio la 10-15, lililofanyika juu ya mtambo, kasi isizidi 70. Mtambo huo haukuwahi kukaa foleni ya Ubungo saa moja jioni, AC ikiwaka.

Nilijaribu kwa Passo yangu, namba D. Siku ya tatu shemeji akaiazima "kufika hapo tu", akairudisha usiku, taa ya mafuta inawaka. Matokeo yake nimeyaweka kundi la nne, ambalo bado natafuta kitenzi chake.