Kioo cha Inchi 17 na Orodha ya Wadaiwa

Kompyuta mpakato ya inchi 17.3 haiingii katika begi la kawaida la kompyuta mpakato, na ukweli huu hujulikana zaidi ndani ya daladala, zipu ikiwa imekwama katikati na abiria wametulia kutazama. Kioo peke yake kina upana wa sentimeta 38. Ukiongeza fremu, mashine nzima hukaribia au hupita sentimeta 40. Mabegi mengi yanayotundikwa kando ya barabara pale Kariakoo yameshonwa kwa ajili ya inchi 15.6, yaani kioo cha upana wa sentimeta 34.5. Tofauti hiyo ya vidole viwili ndiyo iliyomfanya konda, Jumamosi iliyopita, amuulize katibu wa kamati ya harusi kwa adabu zote: "Anko, hiyo tivii inakaa wapi? Maana siti ni nauli."

Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili, na fremu haihesabiwi. Ni kipimo cha ajabu, kwa sababu mshazari hausemi lolote kuhusu eneo mpaka umbo lijulikane. Kwa kipimo hiki rula ya shule ya sentimeta 30 ni kioo cha inchi 12 hivi, ingawa hakuna aliyewahi kutazama filamu ndani yake. Mashine za ofisi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na vioo vya uwiano wa 4 kwa 3, vinavyokaribia mraba. Kioo cha namna hiyo cha inchi 15 kina eneo la sentimeta za mraba 697. Kuelekea mwisho wa muongo huo viwanda vilihamia uwiano wa 16 kwa 9, ule wa televisheni, na kioo cha kawaida kikawa cha inchi 15.6. Namba ilipanda. Eneo, kwa hesabu ya mwanafunzi yeyote aliyemaliza somo la Pythagoras, ni sentimeta za mraba 671. Mteja aliongezewa zaidi ya nusu inchi, akapunguziwa kioo, na akashukuru.

Kilichopotea ni kimo. Kile cha zamani kilikuwa na sentimeta karibu 23 kutoka juu hadi chini. Cha inchi 15.6 kina 19 na ushei, na katika hizo programu ya kuandikia hukata fungu lake juu kwa ajili ya vitufe, na Windows hukata lake chini. Anayeandika barua hubakiwa na dirisha la aya mbili. Tangu karibu mwaka 2020 uwiano wa 16 kwa 10 umeanza kurudi, na hapo namba hudanganya kwa upande wa pili: kioo cha inchi 16 cha uwiano huo kina upana uleule wa kile cha 15.6, ila kimo kimeongezeka kwa sentimeta mbili. Begi halijui tofauti. Macho yanajua.

Kwa matumizi ya kila siku, yaani barua, hesabu, mtandao, mikutano ya video na filamu ya jioni, uchaguzi wa kweli uko kati ya inchi 14 na inchi 15.6. Kile cha 14 kina eneo la sentimeta za mraba 540 hivi, pungufu kwa takriban moja ya tano, na mashine yake mara nyingi huwa na kilo moja na nusu au chini ya hapo. Anayepanda mabasi mawili kwenda kazini atatambua maana ya gramu mia tano kabla hajafika kituo cha pili. Kile cha 15.6 kina faida moja isiyo ya kioo: chini yake kuna nafasi ya vitufe vya namba upande wa kulia, ambavyo mhasibu huvipenda. Asiye mhasibu hupata hasara, kwa kuwa herufi zote zimesukumwa kushoto na huandika maisha yake yote akiwa amekaa upande. Inchi 17.3 ni ya mtu ambaye mashine yake haitoki mezani, na mtu huyo angepata zaidi kwa kununua kioo cha nje.

Ukubwa bila idadi ya nukta ni nusu ya habari. Mashine nyingi za mtumba bado zina nukta 1366 kwa 768, takriban milioni moja. Zenye 1920 kwa 1080 zina milioni mbili na kidogo, karibu mara mbili, na tofauti huonekana mara moja katika maandishi madogo na katika jedwali lenye safu nyingi. Kioo cha inchi 15.6 chenye nukta milioni moja ni ukubwa bila faida. Bora inchi 14 yenye mbili.

Sasa aina ya kioo, ambayo vibandiko vya bei karibu havitaji kabisa. Ndani ya kioo kuna fuwele za kimiminika, chembe ambazo haziwaki zenyewe bali hugeuka zinapopitishiwa umeme na hivyo kuruhusu au kuzuia mwanga unaotoka nyuma. Katika aina ya TN, ya zamani na ya bei nafuu, chembe hizo zimepangwa kama ngazi ya mzunguko kutoka ukuta mmoja wa kioo hadi mwingine, na umeme huzisimamisha wima kuelekea kwa mtazamaji. Kwa hiyo anayetazama kutoka mbele huona picha sahihi, na anayetazama kutoka pembeni au chini huona chembe kwa pembe nyingine kabisa: nyeupe inakuwa ya kijivu, nyeusi inang'aa, sura za watu zinageuka kuwa hasi ya picha. Katika aina ya IPS, ambayo Hitachi ya Japani iliileta sokoni katikati ya miaka ya 1990, chembe hulala sambamba na kioo na kugeukia humohumo bila kusimama. Pembe ya mtazamaji haibadilishi mengi. Ni kazi nzuri mno ya uhandisi. Picha hubaki ileile kwa aliye mbele, aliye kulia, aliye kushoto na aliyesimama nyuma na glasi yake.

Kamati ya harusi ilikutana katika bustani ya baa, kama ilivyo desturi, na kioo kilikuwa cha IPS. Katibu alifungua jedwali la michango: jina, ahadi, taslimu, baki. Herufi zilikuwa kubwa, kwa sababu mwenye inchi 17.3 huona ni kukufuru kuziacha ndogo. Safu ya mwisho ilikuwa na rangi nyekundu kwa wasiolipa, na IPS huionesha nyekundu vizuri. Meza ya jirani, ambayo haikuwa ya kamati, ilinyamaza kwanza. Kisha mzee mmoja wa meza hiyo akasoma kwa sauti, kama anayesoma ubao wa matangazo, jina la shemeji wa bwana harusi, ahadi yake ya shilingi laki tano na taslimu yake ya sifuri. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amevaa vizuri. "Katibu," alisema bila kukaa, "hivi mimi ndo wa kutangazwa baa?" Katibu aliinamisha kioo. Kioo cha TN kingeinamishwa na kila kitu kingefifia. Cha IPS kilizidi kusomeka, safari hii kwa wahudumu. Mwenyekiti aliagiza kifungwe, kikafungwa, na mashine ikalala usingizi wake huku feni zikiendelea kuvuma kwa muda, hadi mama mmoja akauliza kama umeme umekatika na jenereta imewashwa.

Feni hizo zinahitaji maelezo, na maelezo yako upande wa grafiki. Kioo cha 1920 kwa 1080 kinachobadilishwa mara 60 kwa sekunde kinataka nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Kuna kifaa cha kuzipanga, na kimekuwa ndani ya prosesa nyingi za kompyuta mpakato kwa zaidi ya muongo. Grafiki hii ya ndani haina kumbukumbu yake. Huazima RAM ya mashine. Kwa kazi za ofisi na video inatosha na kubaki, kwa sababu tangu mwaka 2011 prosesa nyingi za Intel zimebeba sehemu maalumu ya kufungua video, inayofanya kazi hiyo kwa umeme kidogo mno. Filamu haihitaji kadi ya grafiki. Mkutano wa video hauhitaji kadi. Jedwali la michango, hata lenye wadaiwa wengi, halihitaji kadi.

Kadi ya grafiki inayojitegemea ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, yenye kumbukumbu yake, njaa yake, na joto linalozifanya feni zivume. Inastahili kwa michezo mizito, kwa uhariri wa video wa kila siku, kwa ramani za usanifu majengo. Mashine ya ofisi hutosheka na chaja ya wati 45 au 65. Ya michezo huja na ya wati 180 au zaidi. Betri, kwa upande mwingine, haikui kwa kiwango hicho. Kanuni za mashirika ya ndege huruhusu betri ya hadi wati-saa 100 kupanda na abiria bila kibali, basi watengenezaji huishia chini kidogo ya hapo. Kadi na prosesa zikinywa wati 120 kwa pamoja, hesabu inaisha kabla ya saa moja. Mashine hizi huweza kuizima kadi pasipo na kazi na kutumia grafiki ya ndani, mradi mwenyewe asiwe ameweka mpangilio wa nguvu za juu kwa sababu jina lake lilimvutia.

Hapa ndipo kicheko kinapoisha. Muuzaji anaposema mashine ina "grafiki ya 4GB", mara nyingi anasoma namba ambayo Windows huonesha kama kumbukumbu ya grafiki ya kushirikiana, na namba hiyo kwa kawaida ni nusu ya RAM. Mashine ya RAM ya 8GB isiyo na kadi yoyote itaonesha karibu 4GB. Ni RAM ileile ambayo mteja ameshailipia. Anauziwa mara ya pili kwa jina jingine, na wako wanaokopa kwa ajili hiyo. Mbaya zaidi ni kwamba duka halijabuni mchezo huu peke yake, limejifunza kutoka juu. Mwaka 2017 NVIDIA ilitoa kadi ya GeForce MX150. Baadaye ikabainika kwamba jina hilohilo limebeba matoleo mawili, moja la wati 25 na jingine la wati 10 lililo dhaifu waziwazi. RTX 4060 ya kompyuta mpakato huruhusiwa kuanzia wati 35 hadi 115, na boksi halilazimiki kusema ni ipi. RTX 4090 ya mezani ina kumbukumbu ya 24GB; ya mpakato, kwa jina lilelile, ina 16GB na imejengwa kwa kipande kidogo zaidi cha silikoni. Muuza nyanya akifanya hivi kwa kopo lake, mtaa mzima utamjia juu.

Hata grafiki ya ndani ina siri. Kwa kuwa inaishi kwa RAM ya kuazima, kasi yake hutegemea upana wa njia ya kuifikia, na vipande viwili vya RAM hufungua njia mbili pale kimoja kinapofungua moja. Mashine iliyoundwa kuwa na grafiki ya ndani ya Iris Xe ya Intel, ikiwekewa kipande kimoja, hujitambulisha yenyewe kwa jina la chini, UHD Graphics. Kipande cha pili cha 8GB huleta nafuu ambayo wengi huitafuta kwa kununua mashine mpya.

Aibu nyingine za aina hii ni fupi. Mhasibu aliyechagua inchi 11.6 kwa ajili ya wepesi sasa hufungulia jedwali lake kwenye simu. Mwalimu mwenye kioo cha kung'aa huandaa masomo uani akiutazama uso wake mwenyewe. Kioo cha 4K cha inchi 14 kilirudishwa kuwa 1080 siku ya pili, baada ya programu moja ya zamani kuonesha herufi za ukubwa wa chawa.

Ukaguzi wa dukani ni mfupi. Kioo kitolewe nje mlangoni, mwanga ukiwa mkali: chenye mwangaza wa niti 250 hufifia, chenye 300 au zaidi huvumilika. Kiinamishwe mbele na nyuma, ukurasa mweupe ukiwa wazi, ili TN ijitaje yenyewe. Kisha zibonyezwe Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kufunguliwa sehemu ya Performance. Mashine isiyo na kadi huorodhesha GPU moja tu, ya Intel au AMD, na maneno ya "4GB" yanaishia hapo. Sehemu hiyohiyo, chini ya Memory, huonesha nafasi ngapi za RAM zimejazwa.

Katika karibu kompyuta mpakato zote kadi ya grafiki imechomelewa kwenye bodi kuu, na kioo hubadilishwa kwa gharama inayouma. RAM na diski, katika nyingi za mtumba zilizotoka maofisini, hubadilishwa kwa bisibisi ndogo. Mwenye bajeti ya kawaida anunue inchi 14, IPS, 1920 kwa 1080, grafiki ya ndani. RAM aongeze mshahara ukiingia.